Uzi Mweusi Kwenye Aproni Nyeupe

Katika kanisa lile, taulo halikuwa kitambaa cha kujifutia tu. Kila Alhamisi Kuu, jua likiwa bado halijazama, watu kumi na wawili walikalishwa kwenye viti mbele ya madhabahu, wakavua viatu, na mshirika mmoja akapita akiwaosha miguu huku mchungaji akisoma habari za Yesu alivyojifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha wanafunzi wake. Mshirika huyo aliitwa mbeba taulo. Hakuchaguliwa kwa kura wala kwa umri. Wazee wa kanisa walikaa kikao, wakapima nani mwaka huo ameishi kwa kufuata nyayo za Bwana, wakampa. Na kwa miaka mingi kikao hicho hakikuchukua muda, maana jibu lilijulikana kabla hawajavuta viti.

Jibu lilikuwa fundi cherehani mmoja, mke wa fundi bomba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na hatua za haraka, ambaye watoto wa shule ya Jumapili walimbandika jina la Mama Taulo, likamganda. Tumtendee haki: mwanamke yule alitumika kweli. Alifagia kanisa, akashona kanzu za kwaya, akawapelekea wagonjwa chakula. Siku zote alikaa benchi la nyuma kabisa, kwa kuwa Bwana alikataza kukimbilia viti vya mbele, na kila mtu alijua kwamba anakaa benchi la nyuma. Akitokea mgeni asiyejua, Mama Taulo alimjulisha. Akisifiwa aliinamisha kichwa na kusema, "Si mimi, ni Mungu," lakini hakuondoka hapo mpaka sifa ziishe. Unyenyekevu ulikuwa shamba lake, naye hakupenda kuona nyayo za mtu mwingine humo.

Kulikuwa na jambo moja zaidi katika ibada ile. Watu wa kukalia viti kumi na kimoja walichaguliwa na wazee wa kanisa, lakini cha kumi na mbili alikijaza mbeba taulo mwenyewe, kwa kumwita amtakaye. Watani wa kwaya walikiita kiti cha Yuda, na wenyeji wote walikikwepa. Mama Taulo hakutaka kumuudhi mtu, kwa hiyo miaka yote alimwita mgeni, ambaye alikuja akitabasamu bila kujua kwa nini wengine wanakohoa.

Kisha akaja wifi.

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mumewe, msusi kwa kazi. Ndoa ilikuwa imemshinda huko alikokuwa, akarudi kwa kaka yake na sanduku la nguo na kapu lililojaa vitana, nywele za bandia na mabunda ya uzi mweusi wa kushonea nywele. Akapewa kitanda katika chumba cha mama yao, bikizee ambaye magoti yalikuwa yamemgomea kabisa. Mama Taulo alimpokea kwa mikono miwili. Alichotarajia, ingawa hakuthubutu kujiambia, ni mtu wa kumhurumia: mwanamke aliyeachika, anayelia pembeni, ambaye yeye angemshika mkono na kanisa zima likaona anavyomshika.

Badala yake akapata mtu anayecheka. Msusi alicheka kwa sauti, alichelewa ibadani, na nyimbo nyingi hakuzijua, akawa anamung'unya maneno mpaka kiitikio kifike ndipo apaaze sauti kuliko wote. Wiki haikuisha akawa amechukua kazi ya kumwogesha mama yake. Kazi hiyo ilikuwa ya Mama Taulo. Kila asubuhi yeye ndiye aliyemwogesha mama mkwe, chapuchapu, sikio moja likiwa sebuleni kwenye cherehani asije mteja akakuta kiti kitupu, na kila Jumapili akiulizwa habari za mama aliitaja kazi hiyo kwa kushusha pumzi ndefu.

"Mama, leo akuogeshe nani, mimi au wifi?" aliuliza asubuhi moja akiwa mlangoni na beseni, kwa sauti ya mtu anayejua atakachojibiwa.

"Mwache yeye," alisema mama mkwe. "Wewe una kazi nyingi, mwanangu. Halafu mikono yake haina haraka."

Mama Taulo akarudisha beseni jikoni. Mikono yake haina haraka. Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliyasikia akikata kitambaa, akayasikia akitia uzi kwenye sindano, na jioni alimwambia mumewe kwamba kuna watu wanaingia nyumba za wenzao na kujifanya wao ndio walioijenga.

"Si amekupunguzia kazi?" alisema fundi bomba, mdomo umejaa.

"Nani aliyesema nataka kupunguziwa?"

Mume akaendelea kula. Alikuwa ameziba mabomba mengi maishani mwake, na alijua bomba lipi usiliguse.

Nyumbani pengine Mama Taulo angevumilia. Tatizo ni kwamba mambo yalihamia kanisani. Kulikuwa na mwanamke muuza mkaa aliyekuwa akija ibadani amefunga kilemba mpaka kwenye nyusi, kwa sababu kichwa chake kilijaa mapunye na hapakuwa na saluni iliyomruhusu akalie kiti chake. Mama Taulo alikuwa akimwombea, tena kwa sauti, tena kwa kumtaja. Msusi hakumwombea kwa sauti. Alimkalisha kwenye kigoda karibu na bomba la uani baada ya ibada, akamfungua kilemba, akamwosha, akampaka dawa, akamwambia arudi tena, na aliporudi akamwosha tena. Ikafika Jumapili muuza mkaa akaingia kanisani kichwa wazi, nywele fupi zimesukwa mistari. Watu waligeuka mabenchi mazima. Muuza mkaa alikwenda kuketi mbele, na msusi, aliyechelewa kama kawaida, akaja kuketi benchi la nyuma kabisa, ubavuni kwa Mama Taulo, akamwambia, "Sogea kidogo, wifi."

Sogea kidogo. Benchi lake.

Hapo ndipo wivu ulipomshika barabara, na wivu wa mtu mcha Mungu ni mbaya kwa sababu unatafuta kazi njema za kufanya. Mama Taulo aliamua kusafisha vyoo vya kanisa. Hakuna aliyempa kazi hiyo, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Jumapili iliyofuata alifika mapema na ndoo na brashi, akafungua mlango, akakuta sakafu imelowa na kote kunanukia sabuni. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Alisimama pale na brashi yake kavu, na machozi ya hasira yakamlenga. Hebu fikiria, mtu mzima, mke wa mtu, anaona gere kwa ajili ya choo.

Basi mwezi wa Pasaka ulipofika, mchungaji alisimama akatangaza kwamba mwaka huu taulo litabebwa na dada yetu msusi.

Mama Taulo alipiga makofi kuliko wote. Alipiga mpaka viganja vikamwasha, huku akitazama mbele na kutabasamu, na meno yake ameyauma kwa nguvu hivi kwamba taya lilimuuma hadi jioni. Msusi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Alimgeukia na kumnong'oneza, "Wifi, mimi nitafanyaje? Hata sijui wanaanza na mguu gani."

"Kulia," alisema Mama Taulo.

Kesho yake mchungaji akapiga hodi sebuleni, amebeba kitambaa cheupe kizito. Alisema aproni ya ibada imechakaa, na hakuna anayejua vipimo vyake kama Mama Taulo. Ilikuwa aproni ndefu yenye mkanda mpana wa kiunoni, na taulo lilifungwa kwenye mkanda huo, likaning'inia mbele.

"Umetumika sana, mama," mchungaji aliongeza akiwa mlangoni. "Mwaka huu pumzika."

Pumzika. Hilo ndilo neno wanaloambiwa watu waliomwaga unga. "Bila shaka, mchungaji," alisema Mama Taulo, na akamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote.

Aliikata aproni mchana huohuo. Alikunja pindo, akalipitisha kwenye cherehani, akaliona limenyooka vizuri. Kazi hiyo aliifanya kwa haki, kwa kuwa mikono ya fundi ina heshima yake hata moyo ukiwa na kijiba. Kisha akafika kwenye mkanda. Mkanda hauwekwi tu na kushonwa. Kwanza unashikizwa kwa bandi, mshono wa mkono wenye hatua ndefu na uzi uliolegea, ili kitambaa kisihame, halafu ndipo kinapita kwenye cherehani na bandi inafumuliwa. Bandi haikuumbwa kubeba kitu. Ukivuta ncha moja inateleza yote.

Mama Taulo alipiga bandi. Akaitazama. Cherehani ilikuwa mbele yake, mguu wake uko juu ya pedali, uzi mweupe umekwisha kutiwa. Akauondoa mguu.

Alijiambia atamalizia baadaye. Aliamka, akapasha pasi, akapiga pasi mkanda ule mpaka bandi ikalala bapa na hapana jicho ambalo lingeijua isipokuwa jicho la fundi. Alipokuwa akipiga pasi aliliona jambo zima: msusi amepiga magoti, amemfuta wa kwanza, wa pili, taulo linalowa na kuwa zito, linavuta, linavuta, na ghafla aproni na taulo viko chini kwenye maji machafu na kanisa linaguna. Hakuna atakayeumia. Watu wataona tu kwamba kazi zingine zina wenyewe. Akaikunja.

"Usiijaribu," alimwambia msusi alipomkabidhi. "Itajikunja. Ivae siku yenyewe."

Msusi aliipokea kwa mikono miwili, akaibana kifuani. Mara hii hakucheka. "Umenishonea mimi hii, wifi? Kwa mkono wako?"

"Nani mwingine angeshona?"

"Mungu akubariki," alisema msusi, akaingia nayo chumbani kwa mama yake kumwonyesha.

Yeyote mwenye moyo angeifuata aproni ile mpaka chumbani. Mama Taulo alikaa siku zilizofuata na maneno mdomoni: ilete nimalizie, kuna mahali nimesahau. Maneno machache tu. Alhamisi asubuhi alikuwa kabisa amesimama, amepiga moyo konde, anaelekea chumbani, pale jirani alipoingia kuchukua gauni lake na kusema, "Ninyi nyumba hii mmebarikiwa. Yule wifi yako, ukimtazama tu unamwona Yesu." Mama Taulo akakaa. Akamkunjia jirani gauni lake vizuri, akamtakia siku njema.

Jioni kanisa lilijaa. Kwa mara ya kwanza Mama Taulo hakukaa benchi la nyuma. Alikaa katikati, penye njia, mahali pa kuona vizuri. Msusi alitoka chumba cha mchungaji amevaa aproni, beseni mkononi, taulo linaning'inia, na ilimkaa vizuri mno hivi kwamba Mama Taulo alisahau kidogo na kujivunia kazi yake. Watu kumi na mmoja walikwisha kuketi. Muuza mkaa alikuwa miongoni mwao.

"Dada, mwite wa kumi na mbili," alisema mchungaji.

Msusi aliyapitisha macho juu ya mabenchi. "Namwita wifi yangu," alisema.

Mtu fulani katika kwaya alikohoa.

Damu ilimpanda Mama Taulo masikioni. Kiti cha Yuda! Mbele ya kanisa zima, mtu anayelala chini ya paa lake anamkalisha kwa Yuda. Alikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa aibu kubwa zaidi, akavua viatu. Sasa hata ile chembe ya majuto iliyomsumbua asubuhi ilikauka. Ianguke, alisema moyoni. Ianguke hapahapa.

Mchungaji alianza kusoma. Msusi alipiga magoti mbele ya wa kwanza, akaanza na mguu wa kulia. Alimwaga maji, akaosha, akavuta taulo kufuta, na Mama Taulo akauona mkanda ukivutwa. Ukashika. Kwa wa pili ukashika. Msusi hakuwa na mwendo wa ibada, alifanya kama yuko nyumbani, akamwuliza mzee mmoja kama maji si baridi, na mzee akajibu kwa sauti kwamba yako sawa, watu wakacheka kidogo. Kwa muuza mkaa taulo lilikuwa limelowa nusu, zito, linavuta kiuno kizima. Mama Taulo alihesabu viti vilivyobaki, na hapo likamjia jambo ambalo wivu haukuwa umemwacha alione: kadiri mkanda unavyostahimili, ndivyo unavyozidi kumsogelea yeye. Ungeanguka miguuni pake. Na fundi ni nani? Kila mtu anajua fundi ni nani.

Wa tisa. Wa kumi. Sasa alikuwa akiiombea bandi ishike, kwa bidii ambayo hajawahi kuombea kitu. Mchungaji alifika pale Bwana alipojua ni nani aliyeko mezani aliyekwisha kumuuza, na bado akapita kwa wote na beseni.

Msusi akapiga magoti mbele yake.

Akiwa karibu hivyo, Mama Taulo aliuona mkanda. Juu ya kitambaa cheupe, kutoka upande mmoja wa kiuno hadi wa pili, ulipita mshono wa uzi mweusi, ambao hadi hapo mikunjo ya taulo ilikuwa imeuficha. Ulikuwa mnene, umepinda, umerudiwa mara mbili, hatua fupifupi za mtu ambaye hajui kushona nguo lakini anajua kushona nywele ili zisitoke. Ulikuwa uzi wa kapuni. Bandi yake nyeupe ilionekana chini yake, imelegea, haina kazi.

"Uliona," alinong'ona.

"Niliona siku ileile," alinong'ona msusi. Alikuwa amemwagia maji mguu wa kulia. "Nilitaka mama apapase kitambaa chake. Mkanda ukaanza kung'oka mkononi mwake."

"Mbona hukuniambia?"

"Kaa vizuri, wifi. Mguu unautoa nje ya beseni."

Hakuna aliyewahi kumwosha Mama Taulo miguu tangu alipokuwa mtoto. Ilikuwa miguu ya fundi, nyayo ngumu kwa pedali, visigino vimepasuka, na ghafla aliionea haya kuliko alivyowahi kuuonea haya uso wake. Aliinama, akanyoosha mkono. "Nipe taulo. Nipe, nijifute mwenyewe."

"Hapana."

"Basi nikuoshe wewe. Nipe mimi."

"Leo hukuitwa kuosha," alisema msusi. "Umeitwa kukaa. Kaa."

Akakaa. Na amini usiamini, hilo lilikuwa gumu kuliko kufagia makanisa yote. Kidole kimoja kimoja, kisigino, kifundo, mikono ile ilipita kana kwamba hapakuwa na kanisa wala watu wanaosubiri kwenda nyumbani. Kweli haikuwa na haraka. Mama mkwe hakutia chumvi. Na hata hapo, na aibu ikiwa imemfika shingoni, ule wivu wa zamani ulijitikisa ukamnong'oneza: hata hili amekushinda.

Ibada iliisha. Nje, karibu na lile bomba la uani, wanawake walimzunguka msusi kumpongeza, na kiongozi wa kwaya, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akaukamata mkanda.

"Jamani, Mama Taulo. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe? Macho yameanza kukuaga?"

Wakacheka. Msusi akasema haraka, "Ni mimi huyo. Niliikanyaga nikaichana, nikashona mwenyewe kwa ujinga wangu. Msimlaumu fundi."

Njia ya kuponea ilikuwa wazi. Mama Taulo hakutakiwa hata kudanganya, kuinamisha kichwa tu kungetosha, na kuinamisha kichwa alikujua. Angerudi nyumbani na jina lake lote. Mwakani wazee wangekaa tena, na nani anajua. Alimtazama msusi, aliyekuwa akicheka na wenzake na kujiita mjinga, na akaona kwamba safari hii akinyamaza, mkanda utakuwa umeanguka kweli.

"Hakuichana," alisema. "Mkanda niliufunga kwa bandi tupu. Nikampa hivyohivyo."

"Ulisahau," alisema kiongozi wa kwaya.

"Sikusahau. Nilitaka imwanguke mbele yenu."

Mchungaji alikuwa ametoka na beseni kumwaga maji, akasimama nalo. Muuza mkaa akamtazama Mama Taulo bila kupepesa. Kiongozi wa kwaya akauachia mkanda taratibu, akafuta vidole kwenye sketi yake. "Zile kanzu mpya za kwaya," alisema, "tutazungumza," akaondoka, na wengine wakamfuata wawiliwawili wakinong'ona kabla hata hawajafika getini.

Mawifi wawili walirudi nyumbani kwa miguu. Mtaa mzima Mama Taulo alisubiri aambiwe yamekwisha, kama wanavyoambiana watu wa kanisa.

"Hata kusamehe umenitangulia," alisema mwishowe.

"Nani kakuambia nimekusamehe?"

Mama Taulo akasimama.

"Usijidanganye, wifi," alisema msusi. Aproni ilikuwa begani mwake, inadondosha maji. "Nilishona mkanda ule nikikutukana. Kila sindano tusi. Si unaona mshono ulivyopinda? Mama aliniambia niongee nawe, nikamwambia nikifungua mdomo nyumba itawaka moto."

"Basi kwa nini ukaniita kitini?"

"Wale kumi na mmoja ningewaosha hata nikisinzia. Nikajiuliza, katika watu wote, nani sitaki hata kumgusa. Nikakuona pale katikati, umekaa karibu ili uone vizuri." Akaihamisha aproni bega la pili. "Nilipokuosha mguu wa kulia bado nilikuchukia. Wa kushoto ikapungua kidogo. Hapo ndipo nilipofika."

Mama Taulo aliichukua aproni begani mwa mwenzake, akaibeba yeye.

Waliingia ndani. Mama mkwe alikuwa macho, ameegemea mto. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Ulishika?" aliuliza.

"Ulishika, mama," alisema Mama Taulo.

Asubuhi aliitundika aproni ukutani juu ya cherehani, uzi mweusi na vyote. Alikuwa na wembe wa kufumulia mezani, na uzi mweupe, na kazi yenyewe ingekuwa ya dakika chache. Hakuigusa. Alikwenda chumbani kwa mama mkwe, akamkuta msusi amekwisha kuleta beseni, anakunja mikono ya blauzi. Wivu ulimsalimia mlangoni kama kila siku. Hakuufukuza, hakuukaribisha.

"Nionyeshe unavyofanya," alisema.

Msusi alimtazama. Bado hapakuwa na tabasamu. "Kwanza nenda kafunike cherehani," alisema, "na ufunge mlango wa sebule."

Akaenda, akafunika, akafunga. Akarudi, akapiga magoti mahali alipoonyeshwa, akauchukua mguu wa kulia wa mama mkwe, ule mguu aliouosha miaka yote na hakuwahi kuuona, wenye kovu refu juu ya kifundo ambalo hakujua lilitoka wapi. Akauliza lilitoka wapi. Mama mkwe akaanza kusimulia. Hadithi haijafika nusu, hodi ikapigwa sebuleni, mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu zaidi, sauti ya mteja mwenye haraka zake.

"Una mteja, mwanangu," alisema mama mkwe.

"Nimemsikia, mama," alisema, akauchukua mguu wa pili.